Wafanyabiashara Singida wasinunue programu, wanunue huduma

MFANYABIASHARA wa Singida hana mchezo na mzigo. Mnunuzi wa alizeti huingiza mkono hadi katikati ya gunia kuona kama mbegu zimekauka, na mnunuzi wa vitunguu katika soko la Misuna hataki kuonyeshwa vile vya juu tu. Lakini mtu huyo huyo anapouziwa programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za ghala au kiwanda chake cha kukamua mafuta, huridhika na maonyesho ya nusu saa, hulipa, na kubaki na namba ya simu ya fundi.

Maoni ya safu hii ni kwamba hapo ndipo hasara inapoanzia. Programu ya biashara si bidhaa ya kununuliwa mara moja kama mizani. Ni huduma inayotakiwa kutolewa kila siku, na ubora wake hupimwa siku inapoharibika. Kwa hiyo anayenunua programu bila mkataba wa matengenezo amenunua nusu ya mzigo kwa bei ya mzigo mzima.

Kiwanda si duka

Programu nyingi zinazouzwa kwa wafanyabiashara wadogo zimetengenezwa kwa hesabu za duka: kitu kimeingia, kitu kimetoka, faida ni hii. Hesabu za mkamuaji wa Iramba au Mkalama haziendi hivyo. Gunia moja la alizeti hutoa mafuta na mashudu, na vyote viwili vina soko lake na bei yake. Mbegu za mkulima mmoja hutoa mafuta mengi kuliko za mwenzake. Wapo pia wakulima ambao hawauzi mbegu, bali hukamuliwa kwa malipo na kuondoka na mafuta yao.

Programu isiyojua mambo hayo itamlazimisha karani aidanganye ili kazi iende. Ataandika mauzo yasiyokuwapo, au atapunguza mzigo kwa mkono, na baada ya mwezi mmoja hakuna ajuaye ghalani kuna nini. Vivyo hivyo kwa vipimo. Gunia la alizeti halina uzito wa gunia la vitunguu, na programu inayohesabu magunia bila kuuliza kilo inafuga lumbesa ndani ya kompyuta.

Ni vyema ikaeleweka, basi, kwamba ubora wa programu si rangi za kwenye kioo. Ni kule kuifanya kazi yako kama inavyofanyika, na kuendelea kuifanya pindi kazi inapobadilika.

Kuzima na kuwasha si kutengeneza

Katika miaka ya 1980 Serikali ya Uingereza ilianza kuandaa miongozo ya kusimamia huduma za kompyuta katika ofisi zake, miongozo iliyokuja kujulikana kwa jina la ITIL. Mwaka 2005 ukatolewa pia utaratibu wa kimataifa wa shughuli hiyo, ISO/IEC 20000. Vitabu hivyo ni vinene, lakini kuna jambo moja ndani yake linalomfaa hata mwenye duka la Kiomboi: kutofautisha tukio na tatizo.

Tukio ni kompyuta kugoma kutoa risiti leo saa 4 asubuhi. Tatizo ni sababu iliyoifanya igome. Fundi anayefika, akazima, akawasha na kuondoka, amemaliza tukio tu. Kama sababu haikutafutwa, kompyuta itagoma tena, na kwa kawaida itagoma siku ambayo wateja ni wengi, maana ndiyo siku inayofanya kazi nzito.

Mfanyabiashara anaweza kuifuatilia tofauti hiyo kwa daftari la shilingi chache. Aandike siku, saa, kilichotokea, aliyeitwa, saa kazi iliporudi, na sababu iliyotajwa na fundi. Kosa lile lile likionekana mara 3, daftari hilo lina nguvu kuliko ugomvi wowote wa kwenye simu.

Somo la LUKU

Taifa zima limeonja pande zote mbili za jambo hili kupitia LUKU. Mei 2021 wateja wa TANESCO katika sehemu mbalimbali za nchi walishindwa kununua umeme kutokana na hitilafu katika mfumo wa mauzo. Aliyekuwa Waziri wa Nishati wakati huo, Dk. Medard Kalemani, aliagiza baadhi ya wakuu wa TEHAMA wa shirika hilo wasimamishwe kazi. Kwa mwenye mashine ya kusaga au saluni, mita ilipoishiwa uniti biashara ilisimama hata kama fedha alikuwa nazo mfukoni.

Mwaka 2024 ulikuja mtihani mwingine. Mita za malipo ya kabla zinazofuata utaratibu wa kimataifa wa STS zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa ifike ukomo Novemba 24, 2024. Mita ambayo isingerekebishwa isingepokea tena umeme mpya. Safari hii kasoro ilijulikana mapema, ikatangazwa, na kabla ya siku hiyo wateja walipewa makundi 3 ya tarakimu 20 ya kuingiza katika mita zao.

Kompyuta zote hupatwa na kasoro. Kinachotenganisha matukio hayo mawili ni usimamizi: la pili lilikuwa na tarehe, mpango na taarifa kwa mteja. Hicho ndicho mfanyabiashara anachopaswa kukidai kwa aliyemuuzia programu.

Kabla ya kumfukuza karani

Lipo jambo zito kuliko kusimama kwa kazi, nalo ni kompyuta inayoendelea kufanya kazi huku ikitoa hesabu za uongo.

Posta ya Uingereza ilianza mwaka 1999 kufunga katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na ICL, kampuni iliyokuwa ya Fujitsu ya Japani. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha, na wasimamizi wa matawi wakatakiwa kuufidia. Hadi kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini London, katika kesi iliyofunguliwa na walalamikaji 555, iliamua kuwa mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo. Mei 2024 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia yao.

Tajiri wa Singida anayemkata karani mshahara kwa sababu "kompyuta imesema" yuko katika njia hiyo hiyo. Kabla ya kumshitaki mtu, apate majibu ya maswali mawili. Je, programu inaonyesha nani alibadilisha hesabu, lini, na kutoka tarakimu ipi kwenda ipi? Je, muuzaji wa programu anaweza kuingia na kubadilisha kitu akiwa mbali bila mwenye duka kujua? Pasipo majibu hayo, kilichopo ni tuhuma tu.

Gharama yake

Wapo watakaosema huduma ni ghali. Tuchukue mfano. Mnunuzi wa alizeti ananunua magunia 150 kwa siku wakati wa mavuno, na anabakiwa na faida ya sh. 2,000 kwa gunia. Kila siku anayosimama amepoteza sh. 300,000. Kama huduma inamgharimu sh. 40,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni sh. 480,000. Kuokoa siku 2 za msimu kunamrudishia sh. 600,000. Hapo hatujahesabu mkulima aliyegeuza lori kwenda kwa jirani na asirudi tena.

Aidha, lawama zisiwaangukie mafundi peke yao. Vijana wanaotengeneza programu hizi hubanwa bei mpaka fedha ya matengenezo inakatwa yote. Aliyelipwa mara moja tu hana sababu ya kurudi, na hawezi kuajiri msaidizi wa kupokea simu. Anayetaka huduma akubali kuilipia, kisha aidai kwa maandishi.

Yanayopaswa kuandikwa

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, iwapo utakuwa na mambo haya.

Kwanza, fundi ataitikia wito ndani ya saa ngapi, na kazi itarudi ndani ya saa ngapi. Miezi ya mavuno iwe na masharti makali zaidi.

Pili, toleo jipya la programu lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta nyingine kwa hesabu za siku iliyopita, lisifungwe katikati ya msimu, na iwepo njia ya kurudi kwenye lile la zamani.

Tatu, nakala ya akiba ya hesabu zote itolewe kila siku na kuhifadhiwa nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe ili kuthibitisha kwamba inasomeka.

Nne, kumbukumbu ni mali ya mfanyabiashara. Muuzaji akifunga ofisi, azikabidhi katika majedwali yanayoweza kusomwa na programu nyingine. Na kwa kuwa daftari la madeni lina majina na simu za wateja, pande zote zikumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu.

Wawekezaji wadogo nao wasikae pembeni. Mwanachama mwenye hisa katika SACCOS ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: mfumo wetu una mkataba wa matengenezo, na nakala ya akiba ilifunguliwa lini mara ya mwisho? Bodi inayojua gawio ni kiasi gani lakini haijui jibu la swali hilo, inatunza fedha za watu katika sanduku ambalo haijui ufunguo wake uko wapi.

Wakati wa kuulizana haya ni kabla ya mavuno. Mkulima akishafika na mzigo, na kompyuta ikagoma, hakuna mkataba utakaosainiwa hapo.