Zima Spika, Kaa Chini

KIBARAZANI na Bi Chausiku

Kuna watu wangenyang'anywa pasipoti, na dunia ingepumua. Sisemi wahalifu. Namsema kijana aliyeingia Alhamisi mchana katika baa ya John Kavanagh, kaskazini mwa jiji la Dublin, akiongoza wenzake waliovaa fulana za kijani za sare. Alizungusha macho kona zote, kisha akamuuliza mhudumu kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake: "Muziki uko wapi?"

Niko Ireland kwa mpwa wangu, muuguzi, ambaye siku yake ya mapumziko aliamua kunitoa nje. "Mamkubwa, leo nakupeleka baa." Msomaji wangu wa Magomeni, wewe unayeniandikia kila wiki, weka kalamu chini. Mnywaji alikuwa mpwa. Mimi nilikunywa soda yangu ya tangawizi, kama mnavyonijua, na wala sikuhongwa na kiwanda chochote.

Baa yenyewe imeegemea ukuta wa makaburi ya Glasnevin, imekuwepo tangu 1833, na inashikiliwa na ukoo wa Kavanagh. Wenyeji wanaiita ya Wachimba Kaburi. Husimuliwa kwamba wachimbaji walikuwa wakigonga ukuta kwa koleo ili wapitishiwe bia bila kuacha kazi. Siwezi kula kiapo kwamba ni kweli, ila ukishaketi pale huna moyo wa kubisha. Ndani ni mbao tupu zilizokolea rangi kwa miaka. Hakuna televisheni. Hakuna muziki, na mtu haruhusiwi hata kuimba. Kuna mazungumzo tu. Wazee wawili jirani yetu walikuwa wametoka kuzika, na walikuwa wakimteta marehemu kwa upendo mkubwa, deni moja baada ya jingine.

Katikati ya kikao hicho ndipo alipoingia bwana fulana. Akaambiwa muziki haupo. Akauliza, basi mpira unaonyeshwa saa ngapi? Akaambiwa hauonyeshwi. Ndipo alipotoa spika ndogo mfukoni, akaiweka juu ya kaunta, akafungulia wimbo. Tena wimbo wa Marekani! Wazee wakanyamaza. Marehemu akabaki na madeni yake nusu.

Mhudumu hakufoka. Alinyoosha mkono, akaizima ile spika, akamrudishia mwenyewe, akaendelea kufuta glasi. Mimi ndiye niliyechemka. Nilikwishanyanyuka nusu, mpwa akanishika mkono: "Mamkubwa, kaa, hapa si kwetu." Nilikaa, lakini sikukubali. Waliokuwa wakikatishwa maneno ni watu waliotoka mazikoni, na adabu ya msiba ninayoijua mimi haihitaji viza.

Haikuishia hapo. Waliagiza Guinness. Sasa bia hiyo, kama hujaiona ikimiminwa kutoka bombani, ina taratibu zake. Glasi huinamishwa, ikajazwa robo tatu, ikaachwa itulie mpaka weusi na povu viachane, kisha ikamaliziwa. Yote huchukua dakika mbili kasoro kidogo. Bwana fulana alinyakua yake ikiwa bado inachemka rangi ya matope. Kampuni iliyoanzishwa na mtu aliyejua kusubiri! Arthur Guinness mwaka 1759 alipanga kiwanja cha St. James's Gate kwa mkataba wa miaka 9,000, kwa pauni 45 kwa mwaka. Wenye nyumba wa Kariakoo wanaodai kodi ya mwaka mzima mkononi wasisome sentensi hiyo, watapata homa. Mjukuu wa karne hii ameshindwa kumsubiri mzee huyo dakika mbili.

Wakapiga picha. Kijana akatazama simu, akatangaza kwamba hiyo ilikuwa baa ya nne kati ya kumi za orodha yake. Wakatoka, glasi wameziacha nusu.

Mnaniuliza tatizo ni nini? Nakala. Tangu miaka ya 1990 kuna kampuni hapa hapa Dublin inayobuni baa za Kiireland, inazitengeneza vipande vipande na kuzisafirisha ng'ambo, kaunta yake, viti vyake, mpaka makopo ya zamani ya kupanga kwenye rafu. Kijana amekulia jirani na nakala, yenye fidla, televisheni sita na baiskeli ukutani. Leo amekuja kwenye asili, anaiona ina upungufu. Ni yale yale ya mtalii wa Nungwi anayesikitika asipochezewa ngoma ya Kimaasai pwani ya Zanzibar.

Na ukiidai sana hiyo nakala, utapewa. Nendeni mtaa wa Temple Bar mkaone. Jioni ile mpwa alinipitisha makusudi. Katika baa moja, ambayo sitaitaja maana mwanasheria wa gazeti hili hana utani, bilauri moja ilimtoa mpwa euro kumi, na mwimbaji alikuwa akiimba nyimbo za Tennessee kwa watu wa Tennessee.

Muziki mnaoutafuta upo, na una kwao. Nendeni Smithfield, baa ya Cobblestone. Wapigaji hukaa na wateja, wamezunguka meza, wanapigiana wao kwa wao, na kazi yako wewe ni kufunga mdomo. Mwaka 2021 ulipelekwa mpango wa kujenga hoteli pale na kumega sehemu ya baa, ukiwemo ukumbi wa nyuma ambako muziki hufundishwa. Yaani watalii waliofuata muziki wapate pa kulala, muziki wenyewe ukalale nje. Watu waliandamana na ala zao, na Halmashauri ya Jiji ikaukataa mpango.

Mpwa wangu anapenda baa za Toner's na Kehoe's kwa sababu ya vile vijichumba vya mbao vilivyojitenga, ambamo zamani wanawake walijibanza kunywa bila kuonekana, pamoja na mapadri na polisi. Mpaka miaka ya 1970 zilikuwepo baa zilizogoma kumuuzia mwanamke painti nzima. Apewe nusu, anywe kistaarabu. Kwa hiyo msinisikie nikisifu ukale wote. Upo wa kutunzwa, na upo uliostahili kuzikwa upande wa pili wa ukuta.

Nilipotaja safari hii, wengi wenu mliniandikia niwape orodha ya baa kumi za Dublin. Sitoi kumi. Anayetaka mazungumzo aende Glasnevin. Anayetaka muziki, Smithfield. Anayetaka kukaa mahali ambapo James Joyce aliwakalisha wahusika wake katika kitabu cha mwaka 1914, Mulligan's ipo mtaa wa Poolbeg. Chagueni moja, mkae mpaka mhudumu achoke kuwatazama. Anayeona hiyo ni kazi ngumu asihangaike kutoka uwanja wa ndege. Baa ya Kiireland haikosi huko, ina televisheni, na baiskeli ukutani ataikuta.