Video Fupi na Somo la Kichocho

Kiluwiluwi anayeambukiza kichocho cha tumbo ana urefu usiofika milimita 1. Mtoto wa Igombe, Kayenze au Ukerewe anapoingia Ziwa Viktoria kuteka maji, kufua au kuogelea, hamwoni. Huona maji safi. Darasani huchorewa duara la mishale: binadamu, yai, konokono, kiluwiluwi, binadamu. Hulikariri, hulijibu katika mtihani, kisha jioni hurudi ziwani. Dawa ya praziquantel huua minyoo waliokomaa mwilini, lakini haizuii maambukizo mapya.

Hapa ndipo video fupi zipatikanazo katika intaneti zinapofaa. Shule isiyo na hadubini yaweza, kwa dakika 2 tu, kuwaonyesha wanafunzi viluwiluwi hao, ambao wataalamu huwaita serkaria, wakitoka kwa konokono kwenye mwanga na kuogelea kwa mkia wenye pacha. Mchoro wa ubaoni hauwezi kuonyesha mwendo huo.

Hata hivyo, kutazama si kujifunza. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa masomo ya edX yaliyotazamwa mara milioni 6.9. Waliona kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Wako wanaodhani kwamba dawa, basi, ni ufupi. La hasha! Video fupi zikifuatana moja baada ya nyingine hugeuza darasa kuwa ukumbi wa sinema.

Yafaa mwalimu atangulize swali. Kwa mfano: kwa nini maji ya ziwa yaliyohifadhiwa siku 2 katika chombo kisicho na konokono huwa salama zaidi kwa kuoga kuliko yaliyotekwa sasa hivi? Kisha aonyeshe video, aisimamishe katikati, na kuwataka wanafunzi wakisie jibu. Ikiwa maelezo yake ni ya Kiingereza, azime sauti na kueleza mwenyewe kwa Kiswahili. Mwishowe watagundua kwamba serkaria hali chochote. Huishi kwa akiba aliyozaliwa nayo, na akikosa ngozi ya binadamu hufa katika muda wa siku moja au mbili.

Video ikipakuliwa mapema, simu ya mwalimu au projekta moja yatosha. Mwanafunzi hahitaji simu wala kifurushi. Baadaye darasa litembelee ufuko, likae nchi kavu, lichunguze watu wanapoteka maji na vyoo vilipo. Asiingizwe mwanafunzi majini kuokota konokono.

Mtoto ambaye kwao hakuna bomba hawezi kulikwepa ziwa kwa kuonywa tu. Lakini akielewa kwa nini maji yahifadhiwe siku 2, amepata jambo analoweza kulitenda nyumbani siku hiyo hiyo. Video ipimwe kwa kipimo hicho, wala si kwa kimya cha darasa wakati inapoonyeshwa.