Usichague daktari wa moyo kwa kutazama jengo

Wakenya wengi wakiambiwa kwamba huenda moyo wao una kasoro, hushikwa na woga, na woga si mshauri mwema. Jirani hutaja hospitali yenye jengo la kupendeza, na jamaa huanza kuchanga pesa kabla hata ugonjwa haujajulikana. Aghalabu pesa hizo huishia kwenye vipimo vilivyokwisha kufanywa kwingine.

Kwa maoni yangu, safari ya kumwona daktari bingwa yafaa ianzie kwa daktari wako wa kawaida. Si kila moyo unaodunda mbio ni mgonjwa. Upungufu wa damu, kasoro za tezi ya shingo na hata wasiwasi huweza kuleta hali hiyo. Daktari wako atakupima, na akiona haja, atakuandikia barua ya kumweleza bingwa ni swali gani linalotaka jibu.

Kisha chagua bingwa kulingana na ugonjwa, kwa maana mabingwa wa moyo si wa aina moja. Mtu mzima ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vyema humhitaji daktari wa moyo wa watu wazima. Mtoto aliyezaliwa na tundu moyoni ana daktari wake. Mpasuaji naye ni mwingine, na kwa kawaida mgonjwa hufikishwa kwake na hao wa kwanza.

Kabla ya kulipa chochote, thibitisha jina la daktari katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Uliza pia iwapo hospitali hiyo inapokea bima yako, iwe ya kibinafsi au ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024.

Maandalizi nayo ni nusu ya matibabu. Kama una mashine ya presha nyumbani, jipime asubuhi na jioni kwa siku saba, ukiwa umeketi na kutulia kwa dakika tano, na uandike kila kipimo. Kusanya matokeo ya zamani: karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, picha za moyo na majibu ya damu. Waulize wazee nyumbani ni nani katika ukoo aliyefariki ghafla au kupooza, na alikuwa na umri gani.

Beba dawa zote katika pakiti zake, si majina yake kichwani. Nasema zote: za hospitali, za kununua dukani na za miti shamba. Baadhi ya dawa za maumivu, mathalani diclofenac, huweza kupandisha presha na kumzidishia shida mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika. Wanaume nao huficha vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Vidonge hivyo vikikutana na dawa ya kifua inayowekwa chini ya ulimi, presha huweza kuporomoka hadi kuhatarisha maisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mbele ya daktari, usiogope kuuliza. Ugonjwa wangu unaitwaje? Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yangu? Kinagharimu kiasi gani? Dalili gani zikitokea nirudi upesi? Daktari anayekasirishwa na maswali kama hayo, mtafutie mwenzake. Na usiache dawa za presha eti kwa kuwa unangojea kumwona bingwa.

Hata hivyo, miadi ni ya mgonjwa anayeweza kungoja. Ukihisi kifua kimebanwa kama kwamba kimelaliwa na gunia, maumivu yakaenea hadi mkononi au kwenye taya, ukatokwa na jasho baridi au kukosa pumzi, usitafute bingwa wala kuulizia bei. Kimbizwa katika chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu mara moja, hata kama ni usiku wa manane.