Nyumba Yenye Mchwa Iuzwe Ilivyo, Lakini Isemwe

Hakuna sheria ya dini wala ya serikali ninayoijua imwambiayo mwenye nyumba kwamba hana ruhusa ya kuiuza mpaka amwite fundi ang'oe kila boriti iliyoliwa na mchwa na kuweka nyingine mahali pake, wala haifai iwepo. Maana lau ingekuwepo, nyumba nyingi za kale za Lamu, Mombasa na Unguja zisingeuzika kabisa, zikabaki mikononi mwa warithi wasio na uwezo wa kuzitengeneza wala idhini ya kuzibomoa, mpaka siku dari ishuke yenyewe iwagawie mirathi yao kwa vifusi. Natanguliza neno hili kwa sababu mazungumzo ya nyumba zenye mchwa, kila yanapozuka barazani, huanza kwa kumlaumu muuzaji asiyetengeneza, na mimi naona lawama hiyo imempata asiyestahili. Asiyetengeneza hana kosa. Mwenye kosa ni yule atengenezaye kwa rangi.

Mchwa si kama madhara mengine ya nyumba. Ukuta ukipasuka waonekana, na bati likitoboka lavuja kila mtu akajua. Lakini mchwa huchukia mwanga, hupita ndani ya mti akala moyo wake akaacha ganda la nje, hata boriti ikaonekana imara na kupokea rangi vizuri, ilhali ukiigonga kwa mpini wa kisu yalia tupu. Wako watokao ardhini, wasioweza kuishi mbali na unyevu, ambao hujenga vijia vya udongo ukutani wakapita ndani yake. Na wako wakaao katika mbao kavu umri wao wote pasipo kugusa ardhi, ambao dalili yao pekee aghalabu ni punje ndogo ndogo zimwagikazo sakafuni chini ya kitundu kisichopita tundu la sindano. Kumbikumbi warukao baada ya mvua na kuacha mbawa zao chini ya taa ni wa jamaa hiyo hiyo, nao wametoka kutafuta maskani mapya. Wengi wetu huwafagia bila kujiuliza wametoka wapi.

Na nyumba ya mawe ya pwani ina siri yake. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na dari yake huchukuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa ufupi wake ziliwalazimisha mafundi wa zamani kufanya vyumba virefu lakini vyembamba, aghalabu visivyofika mita 3 kwa upana. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe husakafiwa kwa chokaa, kwa hivyo uzito uliosimama juu ya vichwa vya waliolala ni mkubwa kuliko wanavyodhani. Mkoko ni mti uwezao kushindana na mchwa kuliko miti mingi, na kwa sifa hiyo ulisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi; walakini ncha za boriti zimezikwa ukutani, na ukuta ukinywa maji ya mvua, au maji ya choo kilichoongezwa ghorofani bila ya hadhari, ncha hulainika, na hapo mchwa hupata mlango. Wauzao miti hiyo huigawa kwa unene wake, fito, pau, boriti, nguzo, na mnunuzi hulipa kwa unene. Lakini boriti iliyoliwa hubaki na unene wake wote, na ugonjwa wake uko pale pasipofikiwa na jicho.

Kuitengeneza dari ya namna hiyo si jambo la siku mbili. Boriti nzuri haipatikani kila wakati: mwezi wa Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu walikaa bila kazi na wajenzi wakakosa miti. Fauka ya hayo, Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na utukufu huo una gharama yake, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kubomoa dari akamwaga zege apendavyo pasipo idhini ya mamlaka. Kisha kuna jambo ambalo waandishi wa habari za majengo hawalitaji, nalo ndilo kubwa kuliko yote: nyumba hizi ni za mirathi. Mrithi mmoja yuko Maskati, mwingine Dar es Salaam, wa tatu yumo ndani ya nyumba yenyewe na hataki kutoka, na hapana kati yao aliye tayari kutoa fedha zake kuijenga sehemu ya mwenzake. Kuwaambia watu hao watengeneze kwanza ndipo wauze ni kuwaambia wasiuze.

Hapo ndipo ajapo dalali na nasaha yake, ambayo mtu yeyote aliyewahi kuuza nyumba ameisikia: piga rangi, bwana, mnunuzi hununua kwa macho. Vijia vya udongo hukwanguliwa ukutani, vitundu vya mbao huzibwa kwa gundi na unga wa msumeno, nguzo za uani hupakwa mafuta machafu ya gari, na muuzaji mwenye nafasi kidogo huning'iniza dari nyeupe ya jipsamu chini ya boriti, akasema ameifanya nyumba iende na wakati. Hesabu ya fedha zote hizo yashangaza, kwa sababu zingetosha, pengine, kumlipa fundi mwaminifu aseme ni boriti ngapi zimekufa na ngapi zingali hai. Rangi haimwondoi mchwa, bali humwondolea mnunuzi fursa ya kumwona.

Imesimuliwa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la chakula cha kuuzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe kuna nini, akajibiwa kuwa chakula kilipatwa na mvua. Akamuuliza mbona hakukiweka kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba aghushiye si miongoni mwake. Kisa hiki husomwa sana katika mawaidha, ila msikilizaji hupita haraka asizingatie alichoulizwa yule mfanyabiashara na asichoulizwa. Hakuambiwa akianike chakula juani mpaka kikauke ndipo auze. Hakuambiwa akirudishe nyumbani. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa jambo moja tu, mbona kilichorowa hakikuwekwa juu. Na muuzaji wa nyumba yenye mchwa hana swali jingine la kujibu zaidi ya hilo.

Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, walikwenda mbali zaidi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, imeelezwa kuwa muuzaji akishurutisha kwamba hana dhamana ya aibu yoyote ya kitu anachouza, sharti hilo, kwa kauli yenye nguvu, humwokoa katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, na halimwokoi katika kitu kingine chochote. Nyumba si mnyama. Sasa linganisha hukumu hiyo na maneno yaliyomo katika mikataba mingi ya leo, kwamba mnunuzi ameikagua mali na ameikubali kama ilivyo, maneno ambayo wakili huyaandika kwa mazoea na muuzaji huyategemea kama ngome. Mnunuzi naye hakuachwa alale: akishaitambua aibu, hiari yake ya kurudisha ni ya papo hapo, na akinyamaza akaendelea kukaa na kupangisha vyumba, haki hiyo humpita. Ni insafu kwa pande zote mbili. Ajabu ni kwamba Kenya, ambako kadhi ndiye agawaye mirathi ya nyumba, Katiba ya 2010 katika ibara ya 170 haimpi nafasi ya kusikiliza ugomvi wa boriti zake zikishauzwa. Ugomvi huo hwenda katika mahakama nyingine na vitabu vingine.

Vitabu hivyo vingine navyo havikuwa vinyonge. Sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882, iliyotumika Kenya na Tanganyika kwa miaka mingi, ilimwamuru muuzaji katika kifungu cha 55 amjulishe mnunuzi aibu yoyote kubwa ya mali ambayo yeye aijua na mwenziwe haijui wala hawezi kuigundua kwa uangalifu wa kawaida, na ikasema waziwazi kwamba kutomjulisha ni hadaa. Tanzania Bara iliiacha sheria hiyo kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, na Kenya kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ilikuwa sheria ya wakoloni, na sina haja ya kuililia, lakini kifungu kile ningependa kukiona kimerudishwa kwa Kiswahili chepesi. Hata hivyo muuzaji asijidanganye kwamba amebaki huru: Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 17, huhesabu kuwa ni hadaa kitendo cha kuficha jambo kwa makusudi, ingawa kunyamaza peke yake aghalabu hakuhesabiwi hivyo. Maana yake ni kwamba aliyekiacha kile kijia cha udongo ukutani yuko katika hali njema mbele ya hakimu kuliko aliyekikwangua akapaka chokaa.

Najua jawabu la wauzaji. Watasema kwamba mwenye kusema kweli humpoteza mnunuzi, akaenda kwa jirani aliyenyamaza. Na kwamba wako wanunuzi ambao wakiuona mstari mmoja wa udongo hutaka nyumba kwa nusu ya bei, hususa ikiwa muuzaji ni mjane au wana waliofiliwa na hamu ya kugawana imewashika. Hilo la pili ni kweli, nami nawachukia wanunuzi hao kama nimchukiavyo mpaka rangi. Lakini dawa yake si kuficha. Ni kumtangulia mnunuzi kwa hesabu. Muuzaji amwite fundi seremala na mwashi wasiokuwa na maslahi katika mauzo, wagonge boriti moja moja, wachungulie ncha zake ukutani, waandike zilizoliwa ni ngapi, ziko chumba gani, na kuzibadilisha kutagharimu kiasi gani pamoja na ujira. Bei ishushwe kwa kadiri hiyo, na kidogo zaidi kwa ajili ya yasiyoonekana, maana mnunuzi ndiye abebaye hatari ya kufungua dari na kukuta mengine. Akija mwenye kutaka nusu, aonyeshwe karatasi ya fundi. Na akiwa mnunuzi anataka kiwanja tu, atabomoa kesho, mchwa si shughuli yake, wala karatasi haimdhuru mtu.

Mnunuzi naye aende kwa miguu yake, mchana, na seremala wake mwenyewe, aingie mpaka stoo na chini ya ngazi, mahali ambapo rangi haikufika. Akikuta nyumba kuukuu ya mawe ambayo kila kitu chake ni kipya na cheupe, aulize kwa nini.

Nawaomba basi mawakili wa Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam, ambao ndio washikao kalamu siku ya mauziano, waongeze katika kila mkataba wa nyumba, juu ya yale maneno ya kuikubali mali kama ilivyo, mstari mmoja wa muuzaji kuandika kwa mkono wake aibu za nyumba anazozijua, na akiwa hazijui, aandike hivyo na atie sahihi.