Chombo Chema, Jina Baya

Ndugu msomaji, mzazi mwenye busara hampi mwanawe jina ovyo. Hushauriana na wazee, akalipima kwa masikio ya watu ambao mtoto ataishi nao. Ajua kwamba jina hubisha hodi kabla mwenyewe hajafika.

Basi tazama waundao programu za kompyuta. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuunda programu ya kutengenezea picha, ikatolewa mwaka 1996. Ni chombo chema: hakilipiwi, na kila mtu ana ruhusa kukinakili na kumpa mwenziwe. Lakini wakakiita GIMP, kwa mzaha walioutoa katika sinema ya Pulp Fiction ya mwaka 1994. Kwa Kiingereza neno hilo ni tusi la kumdhihaki mtu achechemeaye, na lina maana nyingine isiyofaa kutajwa mbele ya wazee.

Fikiri wewe ni mwalimu huko Uingereza. Utalitajaje jina hilo darasani, na mbele yako ameketi mtoto mwenye magongo? Au wewe ni karani, wamwandikia mkuu wako kuomba idhini ya kukitia chombo hicho katika mashine za ofisi. Kalamu itasita. Si ajabu mtu akaona heri anunue cha ghali chenye jina la staha.

Wenyewe hujibu kwamba hawakukusudia kumuudhi mtu, na kwamba jina limekwisha kuzoeleka. Insafu iko wapi? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Tangu lini aliyepiga akawa ndiye wa kusema kwamba haiumi? Mwaka 2019 watu wengine waliitoa programu hiyo kwa jina la Glimpse, lakini mwaka 2021 kazi ikawashinda kwa kukosa wasaidizi. Jina la zamani limebaki hadi leo.

Wala usiambiwe kwamba kubadili hakuwezekani. Wafaransa walikuwa na programu ya kuhakiki hoja za hisabati iitwayo Coq, yaani jogoo. Kwao ni ndege tu. Katika sikio la asemaye Kiingereza lafanana na neno chafu, na wanawake walioitaja kazi yao walifanyiwa dhihaka. Wenye programu wangeweza kusema, sisi twamaanisha jogoo, basi. Hawakusema hivyo. Baada ya zaidi ya miaka 30 walikubali kubadili, na mwaka 2025 ikatoka kwa jina la Rocq. Kazi yake ni ile ile. Aibu ndiyo iliyoondoka.

Ndugu yangu, ukiwa na kijana aundaye programu, mwambie hivi: kabla hujacheka na jina, litaje kwanza mbele ya mama yako, kisha mbele ya yule ambaye jina hilo lamgusa. Likikukwama kooni, tafuta jingine. Mzaha mzaha hutumbua usaha.