Onyo la Diski Kujaa na Haraka ya Kufuta

Onyo la kwamba diski inakaribia kujaa hutokea wakati mbaya. Maksi za muhula zinaingizwa, mwalimu anataka kuhifadhi kazi yake, mara kompyuta inatangaza kuwa nafasi imekwisha. Pale ambapo kompyuta moja hutumiwa kwa zamu na walimu na wanafunzi wengi, kama ilivyo katika shule kadha wa kadha za Mwanza na vitongoji vyake, dawa inayokimbiliwa ni kufuta. Nacho kinachofutwa kwanza ni kile kinachoonekana: kazi za wanafunzi.

Desturi hiyo haifai hata kidogo. Insha ya kurasa 10 isiyo na picha haifikii megabaiti moja. Hata insha 200 zikifutwa kwa mkupuo mmoja, nafasi itakayopatikana ni ndogo kuliko ile inayochukuliwa na filamu moja iliyonakiliwa kutoka katika flashi ya mtu. Jasho la muhula mzima limepotea, na onyo litarudi baada ya siku chache.

Mwanafunzi wa jiografia aishiye kando ya Ziwa Viktoria anao mfano wa kumsaidia. Akiulizwa maji ya ziwa huenda wapi, atataja Jinja, ambako Mto Naili huanzia safari yake. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayoliacha ziwa hupaa yakiwa mvuke, wala hakuna ayaonaye yakienda. Nafasi ya diski nayo aghalabu hupotea kwa njia zisizoonekana.

Programu nyingi huandika faili za muda wakati zikifanya kazi, na huzifuta zinapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, hazipati nafasi ya kufanya usafi huo, na mabaki hubaki. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mabaki hayo hulimbikizana mwaka hadi mwaka. Mfumo endeshi nao huweka masasisho ya zamani pamoja na nakala za kurejesha hali ya awali. Kompyuta inayolazwa badala ya kuzimwa huweza kutenga gigabaiti kadhaa kwa ajili ya kuhifadhi yaliyomo katika kumbukumbu yake. Tena, faili iliyotupwa jalalani haijatoka katika diski mpaka jalala lenyewe limwagwe. Jambo hili dogo limewashangaza wengi.

Hatari zaidi ni virusi vinavyosafiri kwa flashi. Baadhi yake huzificha faili halisi na kuacha vivuli vyake tu. Mwenye flashi huiona kama tupu, ilhali kompyuta inasema imejaa. Akiifuta yote kwa hasira, ameangamiza kazi iliyokuwamo salama, ambayo ingeonekana tena kama angeisafisha virusi kwanza, kisha akaiamuru kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa.

Lakini si kila upungufu ni wizi. Diski inayouzwa kuwa ya gigabaiti 500 huonyeshwa na Windows kuwa na takribani 465 tu. Mtengenezaji huhesabu kwa 1000, na Windows kwa 1024. Gawanya 500,000,000,000 kwa 1,073,741,824, na jawabu litaonekana. Hesabu hii yafaa ifanywe darasani.

Kwa hiyo hapana budi kupima kabla ya kufuta. Folda zipangwe kwa ukubwa, na jumla yake ilinganishwe na nafasi ambayo diski inadai imetumika. Tofauti ikiwa kubwa, kuna kitu kilichofichika. Mabaki ya mfumo yaondolewe kwa chombo cha usafi kilichomo katika mfumo wenyewe. Kupapasa kwa mkono ndani ya folda za mfumo kumeua kompyuta nzima.

Wako wasemao kuwa dawa ni kununua diski kubwa zaidi. Huenda, ikiwa kazi imeongezeka kweli. Lakini programu yenye hitilafu, inayoandika taarifa zake bila kikomo, itaijaza hata hiyo. Mwanza ni makao ya watafiti wa uvuvi na wa tiba, na baadhi ya wanafunzi wa leo watakabidhiwa takwimu zao kesho. Vipimo vya samaki waliovuliwa mwaka uliopita haviwezi kuchukuliwa upya.

Shule yaweza kuanza na daftari moja. Kila Ijumaa mwanafunzi wa zamu aandike nafasi iliyobaki, na darasa lichore grafu. Ikiwa ni gigabaiti 40, kisha 37, kisha 34, zimebaki wiki 11 hivi. Ikishuka kutoka 34 hadi 9 kwa wiki moja, atafutwe mlaji mmoja mkubwa, na kazi ya mwanafunzi yeyote isiguswe kabla nakala yake haijawekwa katika diski nyingine.