Rangi Haiponyi Kutu

Wale walioniuliza nimepotelea wapi wiki sita hizi, jibu ni fupi: nilikuwa chini ya gari. Si mfano wa maneno. Nilikuwa chini ya gari kweli, mgongo kwenye mchanga wa Kilifi, kutu ikinidondokea machoni. Leo sitaandika juu ya programu (au nitaandika kidogo, mtaona). Nataka kusema jambo moja tu kwa kila mwenye gari la matembezi hapa Pwani: kama mifupa ya gari lako ina ugonjwa, kuitafuta na kuifungua ni kazi yako wewe mwenyewe. Usimwachie mtu.

Kwa wasiojua, nina Land Rover 110 ya mwaka 1994 ambayo nimeigeuza nyumba ndogo. Nyuma kuna kitanda cha mbao, kabati la vyombo, jiko la gesi, tangi la maji na paneli ya sola juu ya paa inayochaji kompyuta. Nimeandika programu nikiwa Mambrui, nikiwa pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na nikiwa juu ya korongo la Marafa jua linapozama. Raha yake siwezi kuieleza.

Shida ilianza kwa mlango. Mlango wa nyuma ulikataa kufunga. Nikalegeza bawaba, nikaisogeza kidogo, ukafunga. Baada ya wiki mbili ukakataa tena. Nikaongeza kipande cha mpira, ukafunga. Nikajiona fundi.

Hapo mtu wa programu alipaswa kuona haya. Kazini, kijana akiniletea programu inayotoa hesabu mbaya, kisha akarekebisha ile namba kwenye skrini badala ya kuitafuta hesabu yenyewe, namrudisha palepale. Namwambia skrini haina kosa, skrini inasema ukweli tu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa narekebisha skrini. Mlango haukuwa na kosa. Mlango ulikuwa unaniambia kwamba fremu yake imehama.

Mara ya tatu ndipo nikachukua jeki, nikaiweka chini ya ncha ya chesisi upande wa nyuma (chesisi ni yale mapao mawili marefu ya chuma yanayobeba gari zima), nikaanza kupiga. Gari halikuinuka. Jeki ndiyo iliyoinuka! Ilizama ndani ya chuma kama kidole kwenye papai bivu.

Nikaita jina la Mungu. Wiki moja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewapakia wapwa zangu wanne humo humo, kutoka Malindi hadi Kilifi, wakiimba njia nzima.

Nikakwangua. Juu kulikuwa na rangi nyeusi ya lami, safi kabisa. Chini yake fila. Chini ya fila, gazeti lililokunjwa. Gazeti! Kwenye chesisi! Aliyeniuzia alisema gari "limefanyiwa bodi", na kwa kweli lilikuwa limefanyiwa. Gereji iliyofanya kazi ile siijui, na hata ningeijua nisingeitaja, maana kosa la kwanza ni langu. Nililinunua kwa kuangalia rangi.

Sasa tuulize kwa nini. Land Rover ina sifa ya kutokuoza, na sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa ya alumini. Watu huiona bodi haina kutu wakatulia. Lakini chesisi ni chuma, tena ni kama bomba la pembe nne lililo wazi ndani. Matope na maji huingia, vitundu vya kutolea maji huziba, na chuma huanza kuliwa kutoka ndani kwenda nje. Siku utakayoiona kutu kwa macho, imeshamaliza kula.

Halafu alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe pale bodi inapofungwa kwa bolti kwenye chuma, ndio huo.

Na chumvi hapa kwetu si ya kutafuta. Kule Gongoni watu huvuna chumvi kwa kuacha maji ya bahari yakaushwe na jua. Upepo wa kusi unaileta hadi dirishani. Wengi wetu tunaosha magari kwa maji ya kisima yenye munyu, tukidhani tunayasafisha. Ukisimama Ngomeni ukatazama baharini utaona kituo cha San Marco kwenye miguu yake ya chuma, mahali Waitaliano walikorusha satelaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Mojawapo ni ile iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru wake. Huwa nakiangalia kituo kile nikijiambia: hata mwenye roketi, chuma chake kimesimama ndani ya chumvi. Chumvi haiulizi umesoma wapi.

Aliyenifungua macho si mtu wa magari. Ni mzee mmoja fundi wa mashua, upande wa Mnarani. Alipita akaniona nimekaa chini nimeshika tama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki chombo chako, mkuku wake uko wapi?"

Nikamwonyesha chesisi. Akainama, akashika ile mikono ya chuma inayotoka pembeni kubeba bodi.

"Na haya ndiyo mataruma yake?"

"Ndiyo mzee."

"Basi wewe umehangaika na mlango, na mkuku umeoza?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza wanavyofanya wao. Husubiri bamvua, maji yakijaa sana, chombo hupandishwa juu ufukweni, maji yakitoka kinabaki kikavu. Hukwangua chote. Ubao uliooza haupakwi kitu, hutolewa mpaka kwenye mbao nzima, hupigiliwa mpya kwenye taruma, hutiwa kalafati kwa pamba na mafuta, chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. "Ukimdanganya bahari," akasema, "anakujibu siku hiyohiyo."

Tofauti yetu na wao ndiyo hiyo. Mashua yenye ubao mbovu huvuja siku inaposhushwa. Gari lenye chesisi mbovu litakubeba mwaka mzima likicheka nawe. Ndiyo maana fila ina soko kwenye magari na haina soko baharini.

Haya, tuje kwenye kazi. Nilivyofanya ni hivi:

1. Sikiliza kwanza. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu. Kila penye bubu weka alama kwa chaki, kisha jaribu kuchoma kwa bisibisi. Mimi nilipata sehemu tano: pao la nyuma linalokingama, mikono miwili ya pembeni, na sehemu mbili karibu na springi.

2. Toa nyumba kabla ya moto. Hapa gari la matembezi ni hatari kuliko gari la kawaida. Mtungi wa gesi, godoro, mapazia na mbao zote viko juu ya pale cheche zitakaporuka. Na kwenye gari langu tangi la dizeli liko nyuma, karibu kabisa na pao lililooza. Tangi lilitolewa likapelekwa mbali. Msidanganyike kwamba tangi tupu ni salama, mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Ondoa nyaya za betri pia, la sivyo utaunguza altaneta.

3. Pima kabla ya kukata. Pima mshazari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, andika. Weka stendi imara mahali penye chuma kizima. Jeki ni ya kuinulia tu, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na kata upande mmoja, malizia, ndipo uhamie wa pili. Ukikata pande zote kwa pamoja gari litajikunja, na hutalinyoosha tena.

4. Kata mpaka kwenye chuma king'aacho. Roho itakuuma. Tundu la ukubwa wa sarafu litageuka la ukubwa wa kiganja. Kiraka juu ya kutu hakishiki, maana kutu huvimba kuliko chuma ilichokila na itakisukuma.

5. Ndani pia. Baada ya kuchomelea na kupaka praima, fungua vitundu vya maji, kisha nyunyiza mafuta mazito ndani ya lile bomba. Rangi ya nje hailindi ndani.

Mtauliza, je, nilichomelea mwenyewe? Hapana, na hapa natofautiana na marafiki zangu wanaosema ukijifanyia basi ujifanyie kila kitu. Nilikata mwenyewe, nikatengeneza vipimo vya viraka kwa katoni, nikanunua bamba jeusi la milimita 3 (si la zinki, moshi wake ukichomelewa huleta homa). Kisha nikamwita welda mwenye miaka mingi kazini, nikasimama pale kila dakika. Mshono wa welda mwanagenzi huweza kupendeza juu na usishike chini. Huo nao ni fila, ila umetengenezwa na wewe. Mikono ya pembeni tu ndiyo nilijaribu, na mmoja aliukata akaurudia. Sikununa.

Kuna watakaosema, "Wewe una muda. Sisi tunalipa fundi tunaendelea na maisha." Sawa. Lakini sikufanya kazi hii ili kuokoa pesa. Ukihesabu siku zangu, nimepata hasara. Hoja yangu ni kwamba kati ya watu wote wanaoligusa gari lako, ni wewe pekee usiyefaidika kwa kufichwa kitu. Muuzaji anataka liuzike. Mpaka rangi analipwa kwa kung'arisha. Hata fundi mwaminifu hutengeneza ulichomwonyesha, na ukimwonyesha mlango atatengeneza mlango. Kwa hiyo kazi ya mikono unaweza kumpa mwingine. Kujua palipooza huwezi.

Juzi niliwapakia tena wapwa zangu, tukaenda Mambrui. Mlango wa nyuma sasa unafunga kwa kidole kimoja, na bawaba sikuigusa. Chesisi ina viraka vinavyoonekana wazi, vibaya kwa sura. Nimekataa kuvifunika kwa lami nyeusi. Nimevipaka praima nyekundu ili kila nikiinama nivione, na siku nikiliuza gari hili, mnunuzi naye avione.

Wikendi hii chukueni nyundo mkagonge. Kisha niandikieni mlichosikia.